Laiti Mackinnon Angetia Saini: Kinole na Historia Ambayo Haikutokea

Mwaka 1877 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa tayari kumkodisha tajiri mmoja wa Kiskoti karibu bara lote alilolihesabu kuwa lake. Tajiri huyo, William Mackinnon, alikuwa mwenye kampuni ya meli za British India, ambazo tangu 1872 zilikuwa zikitia nanga Unguja kila mwezi. Mapatano yaliyokuwa mezani yalikuwa ya miaka 70. Kwa jina la Sultani, Mackinnon na wenzake wangekusanya ushuru, wangetunga sheria, wangejenga barabara na kugawa ardhi, naye Sultani angepata fungu lake. Mwaka uliofuata mazungumzo yakavunjika. Serikali ya London haikuwa na hamu ya kuyabeba, masharti yakawa yanapinduliwa kila mara, na Barghash mwenyewe akaingiwa na shaka. Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzake watatu wakashuka Saadani bila kualikwa, wakapanda bara, na katika majuma machache wakarudi pwani na mikataba 12. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari wa Ujerumani akaitia muhuri wake.

Kwa wapenzi wa historia mbadala, hapa ndipo penye njia panda. Laiti Mackinnon angetia saini, Peters angekuta bara limeshakodishwa, Bismarck, kansela wa Ujerumani, asingekuwa na la kulinda, na Tanganyika ingeanza maisha yake ya kikoloni mikononi mwa Waingereza tangu 1878. Wapo wanaosema hivyo kwa masikitiko, kana kwamba tulikosa bwana mwenye nafuu kwa miaka sita tu. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo limeshikwa kwa ncha isiyo yake. Linapimwa kwa kutazama bendera ya mgeni, wakati kipimo chenyewe kiko kwa mwenyeji: alikuwa na uwezo gani wa kumwekea mgeni masharti, na nani hasa alikuwa na haki ya kusema ndiyo au hapana. Kulipima hilo hakuna haja ya kukaa Unguja au London. Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, patatosha.

Kinole ya leo ni kata ya Morogoro Vijijini inayojulikana sokoni kwa ndizi, machungwa, mananasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Katika historia ya Waluguru inajulikana kwa jambo jingine: ndiko makao ya Kingalu, mwenye mvua. Watu wa koo nyingine, hata wa mabondeni, walimpelekea zawadi ili awaombee mvua, na kwa hiyo heshima yake ilivuka mipaka ya ukoo wake. Lakini heshima ya mvua haikuwa hati ya ardhi. Ardhi ya mlimani ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo unaofuatwa kwa upande wa mama, na ndani ya lukolo yalikuwamo matawi yenye wakubwa wao. Mgeni aliyetaka shamba alimwendea mkubwa wa tawi, akaonyeshwa mahali, na kila mwaka akawa anatoa ngoto, kijizawadi cha kukiri kwamba analima kwa wenyewe. Mkubwa akifariki, mtoto wa dada yake hurithi jina lake, na pamoja na jina hurithi ahadi, madeni na ugomvi wa mjomba. Kingalu lenyewe ni jina la kurithiwa hivyo, ndiyo maana lipo hadi leo. Upande wa kusini, Kolero, alikuwapo Hega naye na heshima yake, na Mgeta walikuwapo wengine. Milima hii yenye vilele vinavyopita mita 2,600 haikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kukaa chini ya mti na kuitoa yote kwa alama ya kidole.

Waingereza wa mwanzo hawakuujua utaratibu huo, na sababu ni ya kawaida kabisa: hawakupanda. Burton na Speke mwaka 1857 walipita kusini mwa milima, wakaugua homa Dutumi, wakaendelea na safari. Stanley mwaka 1871 alipita kaskazini, kwenye mji wenye ngome ambao mtawala Kisabengo aliujenga chini ya mlima na ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake, Simbamwenni. Njia za misafara ziliuzunguka mlima kama maji yanavyolizunguka jiwe, kwa hiyo katika vitabu vyao Uluguru ni ukuta wa buluu unaoonekana kwa mbali, penye baridi na vyakula vingi vinavyoshushwa bondeni. Hata barabara ambayo Mackinnon na rafiki yake Buxton walianza kuikata kutoka Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1877 ilielekezwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1881 ikaachwa porini baada ya maili zipatazo 70. Wazungu waliotangulia kujenga na kukaa karibu na milima hawakuwa Waingereza wala Wajerumani. Walikuwa mapadri wa Kifaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Bagamoyo na kufika Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Sasa chukua karatasi ya Peters na uisome ukiwa umesimama Kinole. Hati aliyomwekea Mangungo wa Msovero, Usagara, iliandikwa Kijerumani. Ilisema kwamba Mangungo anaitoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani, milele, na kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar. Ili hati kama hiyo iwe na maana hata kidogo, lazima awepo mtu mmoja anayeimiliki nchi na anayeweza kuiachilia. Peters aliwatafuta watu wa namna hiyo, na alipowakosa aliwatengeneza kwa wino. Hati ya Kaisari ilitaja nchi nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Uluguru haimo. Ilimezwa ndani ya Ukami, nchi ya chini, kwa sababu kwenye ramani ilikuwa karibu. Kinole iliingia katika himaya ya Ujerumani bila Kingalu, wala mkubwa yeyote wa lukolo, kutajwa kwa jina katika hati hiyo iliyowatia chini ya Kaisari.

Je, karatasi ya Mackinnon ingekuwa tofauti? Katika hili yeye alikuwa na adabu zaidi ya Peters, kwa kuwa alimwendea mtu aliyekuwa na serikali na bendera. Lakini kwa mtu wa Kinole tofauti hiyo ni ndogo mno. Barghash alikuwa akikodisha milima ambayo wanajeshi wake hawakuwahi kuipanda na ambayo hakuna liwali wake aliyeitoza kodi. Mamlaka yake bara yalikuwa yakifuata njia za pembe za ndovu, na njia hizo, kama tulivyoona, ziliupita mlima kando. Peters alimpata asiye na haki ya kutoa akamfanya mwenye nchi. Mackinnon angempata mwenye nchi asiyeifikia nchi yenyewe. Katika njia zote mbili mkubwa wa lukolo angeamka asubuhi moja na kukuta amehamishwa milki usiku, na ngoto ya wapangaji wake imekuwa mali ya kampuni asiyoijua.

Tena hatuna haja ya kubahatisha sana kampuni ya Mackinnon ingefanya nini, maana jaribio hilo lilifanyika, ila kaskazini, katika Kenya ya leo. Mei 1887 Barghash alimpa Mackinnon pwani kuanzia Vanga hadi Kipini kwa miaka 50, na mwaka 1888 kampuni yake, IBEA, ikapata hati ya Malkia Victoria. Katika miaka saba ilijitwika nchi kubwa kuliko mfuko wake. Ilimtuma ofisa wake Lugard Uganda, ambako Januari 1892 bunduki zake ziliamua vita vya Mengo kati ya makundi ya dini. Fedha zilipoisha, ilirudisha kila kitu kwa serikali ya Uingereza Julai 1895, wakati Mbaruk bin Rashid Mazrui akiwa ameshaanza vita pwani. Baada ya kampuni ikaja reli, baada ya reli wakaja walowezi, na sheria ya ardhi ya 1902 ikawapa mashamba kwa mikataba ya miaka 99. Anayeota ndoto ya Mackinnon Uluguru aanzie hapo. Kampuni iliyofilisika na pwani yenye bandari na ushuru isingetajirika kwa milima isiyopitika. Ingefilisika mapema zaidi, London ingeichukua nchi, na mahali penye baridi kama Mgeta pangetazamwa na walowezi kama walivyotazama Limuru. Milima yetu ina miteremko mikali, na huenda hiyo ingeiokoa. Lakini hapo mwokozi ni jiolojia, na Uingereza haina sifa ya kudai.

Hapa inafaa tutoke nje ya Afrika kidogo, kwa sababu Waingereza wana "laiti" yao ya namna hii kuhusu Japani. Mwaka 1600 baharia wa Kiingereza, William Adams, alifika Japani na meli ya Kiholanzi iliyochakaa. Tokugawa Ieyasu, mtawala mwenyewe, alimfanya mshauri wake, akampa shamba, na kwa miaka mingi hakumruhusu kurudi kwao. Juni 1613 nahodha John Saris akafika Hirado na meli ya Clove, na Waingereza wakapewa ruhusa ya kufanya biashara nchi nzima. Waliuza vibaya. Walileta vitambaa vya sufu wakati Wajapani walitaka hariri ya China, wakala hasara, na Desemba 1623 wakafunga duka na kuondoka. Waliporudi mwaka 1673 walifukuzwa, na moja ya sababu ni kwamba mfalme wao Charles wa Pili alikuwa amemwoa binti wa Ureno, nchi ambayo Wajapani hawakutaka kuisikia. Wapenzi wa historia mbadala huuliza ingekuwaje kama wangevumilia: labda Japani ingeingia katika dola ya Uingereza, labda ingekuwa na viwanda miaka 200 mapema.

Ushahidi wenyewe unajibu kwa ukali. Ieyasu alipofariki mwaka 1616, mwanawe Hidetada aliwabana Waingereza wasifanye biashara nje ya Hirado na Nagasaki, nao walikuwa bado wapo, na Adams bado yu hai. Waholanzi, waliobaki, kuanzia 1641 walifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima kilichotengenezwa kwa mikono bandarini Nagasaki, wakawa wanatoka kwa ruhusa. Kama Waingereza wangebaki, wangepata Dejima ya pili au wangebanana na Waholanzi hiyohiyo moja. Aliyeamua alikuwa mwenyeji. Aliamua kwa sababu alikuwa na mambo matatu: jeshi kubwa kuliko mgeni, mgeni mwingine wa kumgeukia, na habari za kuaminika kutoka kwa mtu aliyemtegemea yeye. Adams alikuwa Mwingereza, lakini chakula chake kilitoka kwa Ieyasu.

Linganisha na Barghash. Jeshi lake, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, lilitosha kwa polisi na halikutosha kwa vita. Mshauri wake mkuu alikuwa Dakta John Kirk, mtu mwenye akili na aliyeipenda Zanzibar kwa namna yake, lakini mshahara wake ulitoka London. Mwaka 1873 Kirk huyohuyo ndiye aliyemletea Barghash mkataba wa kufunga soko la watumwa pamoja na tishio la kuzingirwa na manowari. Mwaka 1885 Barghash alipompelekea Kaisari malalamiko kwamba nchi zilizochukuliwa ni zake, London ilimwagiza Kirk asiwazuie Wajerumani, kwa kuwa Uingereza ilimhitaji Bismarck katika mambo ya Misri. Agosti manowari za Kijerumani zilipanga mizinga mbele ya kasri, na Barghash akakubali. Mshauri alijua yote, na hakuwa na la kumshauri isipokuwa kunyamaza. Kwa hiyo hata kama karatasi ya 1877 ingesainiwa, Barghash angekuwa mwenye nyumba anayeshauriwa na wakili wa mpangaji.

Sasa turudi mlimani, kwa sababu kuna jambo ambalo wanaosema "laiti Waingereza" hulisahau kabisa: Waingereza walikuja. Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti 1916, kamanda wa Kijerumani, Von Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma akipitia pande zote mbili za Uluguru, na kuanzia hapo hadi 1961 milima ilikuwa chini yao. Wajerumani walidai nchi hii kwa miaka 31. Waingereza waliitawala kwa miaka 45. Kama bendera ndiyo iliyokuwa dawa, mgonjwa alipewa dozi ya kutosha.

Nao walikuja na wazo lililokaribia kuwa jibu la tatizo lenyewe. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, aliamini kwamba nchi itawaliwe kupitia wakubwa wake wa asili, na sheria ya mamlaka ya wenyeji ya 1926 ikatungwa kwa msingi huo. Kwa Waluguru wazo hilo lilikutana na kikwazo kilekile cha Peters. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kumwandikia barua. Ikamtafuta, ikampa cheo cha sultani, karani, mahakama na mshahara, na chini yake ikapanga wasaidizi kwa ngazi, kana kwamba lukolo zilikuwa vikosi. Mara ya kwanza jina la Kingalu lilifaa, kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko mengine yote upande wa mashariki. Baadaye kiti kikaondoka Kinole, na katika miaka ya 1950 sultani wa Waluguru alikuwa Sabu bin Sabu. Cheo kilikuwa cha serikali, na watu walikitii kama wanavyotii serikali, yaani kwa kiasi. Mwenye mvua aliendelea kuwa mwenye mvua, na wakubwa wa matawi wakaendelea kupokea ngoto bila kuandikwa popote.

Kilichofuata ndicho ushahidi mzito kuliko wote katika hoja hii. Mwaka 1950 serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa matumizi bora ya ardhi Uluguru. Nia haikuwa mbaya. Mito ya Uluguru ndiyo inayoulisha Ruvu, mvua zilikuwa zikibeba udongo, na wataalamu waliona mteremko ukivuliwa nguo. Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi. Kila mlipa kodi alitakiwa kwenda kuyachimba asubuhi kadhaa za kila juma, na asiyekwenda alifikishwa mahakama ya sultani. Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Kukata ngazi pana kwenye mteremko mkali ni lazima uchimbe ndani na kutupa nje. Udongo mweusi wa juu, ambao ndio wenye rutuba, hufukiwa chini, na udongo mwekundu wa ndani, usiojua mbolea wala majani yaliyooza, huja juu ndio upandwe mahindi. Mwanamke wa Uluguru mashariki aliyepanda kwenye ngazi hizo alivuna kidogo kuliko jirani yake aliyelima mteremko kama bibi yake alivyolima. Hakuhitaji bwana shamba kumweleza hesabu hiyo. Juu ya hayo kulikuwa na hofu nyingine, ya kisheria: shamba lililochimbwa kwa amri ya serikali na kwa kazi ya wote litakuwa la nani? Mpangaji aliyelichimba, lukolo iliyompa, au serikali iliyoamuru?

Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, upande huohuo wa mashariki, kwa wingi kuyakataa matuta. Mkutano uligeuka vurugu, mawe yakatupwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Serikali ilitafuta mkono wa TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kweli TANU ilijua kuvuna pale ilipokuta shamba limeiva. Lakini si chama kilichougeuza udongo mwekundu ukaja juu. Mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru kilichotoka 1960, waliona kwamba kosa kubwa lilikuwa la utawala kabla ya kuwa la kilimo: amri ilipita kwa watu ambao katika mambo ya ardhi hawakuwa na sauti, na ikawaruka waliokuwa nayo.

Kuna anayeweza kusema nimechagua mfano mmoja unaonifaa, kwani upande wa magharibi, Mgeta, matuta ya ngazi yalikubalika na mengine yapo hadi leo. Ni kweli, na ukweli huo unaisaidia hoja zaidi ya kuibomoa. Mgeta kuna baridi, na mboga za Kizungu zilikwishaingia huko tangu enzi za Wajerumani. Kabichi na viazi vilivyouzwa Morogoro na Dar es Salaam vililipa jasho la ngazi, na mkulima aliyeweka samadi na kumwagilia maji aliona faida mwenyewe. Utawala ulikuwa uleule, bwana shamba yuleyule, sheria ileile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima wa Mgeta alikuwa na sababu yake ya kusema ndiyo. Yule wa Kinole na Matombo hakuwa nayo, na hakuulizwa.

Pingamizi zito zaidi ni la damu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu ambao makadirio yake huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi na jeshi la Kijerumani kwa kuchoma vyakula. Je, kwa watu wa Umatumbi na Ungoni, bendera haikuwa na maana? Ilikuwa na maana, na mwandishi anayesema mabwana wote ni sawa anawadhulumu wafu. Sera ya pamba ya lazima na adhabu ya kuchoma maghala ilikuwa ya utawala fulani, kwa majina na tarehe. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa kuwa Wajerumani walifanya hivyo, Waingereza wasingefanya. Wanandi waliopigwa kwa miaka kumi hadi 1906, na Wagiriama waliochomewa makazi mwaka 1914 walipokataa vibarua na kuhamishwa, walikuwa chini ya bendera hiyohiyo ambayo Mackinnon angeipandisha. Historia mbadala ingeweza kuwaokoa Wamatumbi. Ingeweza pia kuwahamishia Waluguru zamu ya Wagiriama.

Pingamizi la lugha linachekesha kidogo kwa sababu linageuza masikitiko kuwa shukrani. Wajerumani walikitumia Kiswahili ofisini, shuleni na kwa maakida, wakakisambaza bara kwa nguvu ya mhuri. Kama Tanganyika ingekuwa mkia wa Kenya ya Mackinnon, pengine makala hii ingeandikwa Kiingereza na kusomwa na wachache. Sitaki kumpa Peters sifa hiyo. Kiswahili kilikuwa kimeshapanda bara kabla yake kwa miguu ya wapagazi, na Simbamwenni hakusubiri mwalimu wa Kijerumani ili kuelewana na misafara. Lakini hata hapa unaona kilekile: kilichodumu ni kile ambacho wenyeji walikuwa wanakitumia tayari kwa sababu zao.

Na kwa wanaodai kwamba "laiti" ni mchezo wa watu wasio na kazi, jibu ni kwamba kila mwanahistoria anayesema jambo fulani lilisababisha jingine tayari ameshaucheza kimyakimya. Kusema Peters aliibadili Uluguru ni kusema bila Peters isingekuwa hivi. Afadhali mchezo uchezwe mezani, kete zikionekana. Ukimwondoa Peters, Kinole inabaki na karatasi ya mtu mwingine asiyewajua wakubwa wake. Ukimweka Mackinnon, inabaki vilevile. Ukiwaondoa Wajerumani na kuwaleta Waingereza, kama ilivyotokea kweli mwaka 1916, unapata sultani wa serikali na udongo mwekundu juu ya mweusi. Lakini chukua mwaka 1950, acha kila kitu kama kilivyokuwa, badili jambo moja tu: maofisa wapande Kinole na Matombo, wakae na wakubwa wa matawi ya lukolo, wajibu swali la shamba litakuwa la nani, na wakubali kuambiwa hapana kwenye mteremko usiofaa ngazi. Hapo ndipo historia inapoinama. Hakuna anayeweza kuapa kwamba udongo ungepona, ila risasi ya Julai 1955 inakuwa vigumu kuieleza.

Ndiyo maana anayetaka kuandika historia mbadala ya Uluguru asianzie na saini iliyokosekana Unguja mwaka 1877. Aanzie na kikao ambacho hakikufanyika mlimani mwaka 1950, kwa sababu watu ambao wangekaa kwenye kikao hicho walikuwapo, majina yao yalijulikana, na mengi ya majina hayo, la Kingalu likiwamo, yana wenyewe hadi leo.